Ile Nchi Nyeupe

Lindi,
9 Februari 2025

Dada Shifaa,

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo linauma likitaka na linapona likisikia kuna harusi. Vitumbua vyake vinaisha mapema kila asubuhi, na bado anawaambia wateja maneno yaleyale ya tangu sisi wadogo: "Karibu mgeni, kaa kitako, dunia haikimbii." Kuna jamaa mmoja wa benki alikaa kitako kweli, akachelewa kazini, siku hizi ananunua amesimama. Mama anauliza likizo yako lini. Nimemwambia mwaka huu. Akasema hata mwaka jana ulikuwa mwaka huu.

Barua hii naituma na Bi Rukiya, anakuja huko kufuata mzigo wake wa mabaibui kama kawaida. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Unaikumbuka amri. Siku ile tulipobishana habari za gemu mpaka salio likakata kabla Mama hajasema hata "hujambo", aliapa kwamba simu ni ya salamu na gemu iende kwenye karatasi. Na karatasi zenyewe anazipenda. Barua zako anazinusa kwanza, ndipo ananipa nisome.

Sasa jambo lenyewe. Kionjo cha Milki ya Majivu sehemu ya tano kimetoka, na kama bado hujakiona basi wewe si yule aliyenifundisha kushika pedi ya gemu. Nchi hawajaitaja. Ramani hawajaonyesha. Ni kifilamu kifupi tu: ardhi nyeupe, tambarare, inakwenda mpaka jicho linapochoka. Mtu amejifunga kitambaa usoni anatembea juu yake na ardhi inalia kwaru kwaru chini ya miguu. Kuna vilima vidogo vyeupe, kimoja hapa, kingine pale. Halafu pembe inapulizwa, ndege wa rangi ya waridi wanaruka kundi zima, kioo kinakuwa cheusi. Kwisha habari.

Kwenye kibanda changu cha gemu vijana hawajacheza mpira wa kwenye kioo wiki nzima, ni ubishi tu. Mimi nimeshamaliza: ni Kaskazini Kuu, ile nchi ya barafu aliyoitaja mfalme kipofu mwishoni mwa sehemu ya pili. Vile vilima ni makaburi ya mashujaa yaliyofunikwa na theluji. Pembe ni ya majitu. Wale ndege ndio wananitatiza kidogo, ila mchawi akitaka ndege wa waridi kwenye baridi nani atamkataza?

Mama alipita na ndoo yake, akachungulia, akasema, "Hiyo chumvi." Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nikamwambia, Mama, wazungu wahangaike miaka sita kutengeneza gemu, halafu wamweke mtu kwenye chumvi? Akajibu kuwa yeye aliolewa na mtu wa chumvi na amefua nguo za chumvi maisha yake yote, kwa hiyo tusimfundishe. Akaenda zake.

Niandikie unaonaje. Na kumbuka tulivyoahidiana siku ya arobaini ya baba, kwamba mimi na wewe hatufichani, liwe zuri liwe baya.

Mdogo wako mwenye akili zote za familia,
Kondo


Dubai,
4 Machi 2025

Kondo,

Marahaba. Ramadhani karimu kwenu nyote. Mimi mzima, nipo palepale mapokezi, hotelini kwetu mtaa wa Al Rigga, na wageni wanaingia na masanduku makubwa kuliko vitanda tutakavyowapa. Irene, yule Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja, anafunga na mimi mpaka adhuhuri kwa heshima ya urafiki, halafu anakwenda kula kuku barazani ili nisione. Harufu naisikia.

Mwambie Mama goti alipake mafuta niliyompa Bi Rukiya, asiyaweke kabatini kama yale mengine. Na likizo, kweli mwaka huu. Nimeshamwambia meneja. Amesema inshallah, na hapa neno hilo lina maana nyingi, lakini nitamshikilia.

Kionjo nimekiona. Nimekiona mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima mwenye kazi. Na theluji yako siikubali. Huku kuna jumba wametia theluji ndani, watu wanaserereka kwa mbao, na mimi na Irene tuliingia siku moja tukatoka meno yakigongana. Theluji ukiikanyaga inanyamaza. Hailii kwaru kwaru, Kondo. Inakuwa kama umekanyaga pamba iliyoloa.

Sasa sikiliza dada yako. Gemu yenyewe inaitwa Milki ya Majivu, lakini majivu yenyewe tumeyaona wapi katika sehemu zote nne? Hatujayaona. Basi hayo ndiyo majivu. Kuna mji mkubwa uliteketezwa, mifupa na nyumba vikasagika pamoja vikawa nchi nyeupe. Vile vilima ni majumba yaliyoanguka. Na ndege wa waridi ni roho za watu wa mji. Unaona inavyokaa sawa?

Kwa la Mama nimecheka peke yangu kaunta mpaka mgeni mmoja akaniuliza kama niko salama. Chumvi, jamani. Mbusu kwa niaba yangu, ila chumvi hapana.

Dada yako,
Shifaa


Lindi,
8 Aprili 2025

Dada Shifaa,

Shikamoo, na Idi imepita salama. Zile nguo ulizotutumia zimetutosha. Mama alivaa dera jipya akaenda kuswali, akarudi kwa njia ndefu inayopita mbele ya nyumba za watu wote asiopatana nao. Goti halikuuma hata kidogo.

Majivu yako nimeyasoma mbele ya kamati ya kibanda. Tumeyakataa. Roho za watu hazina mabawa katika Milki ya Majivu, roho ni moshi wa kijani, umesahau sehemu ya kwanza? Na theluji ya kwenye jumba ni ya friji, haiwezi kutoa ushahidi. Theluji ya Kaskazini Kuu ni kongwe, imekauka, lazima ilie.

Nimekwenda mbali zaidi. Kibanda nakibadilisha jina, kitaitwa Kaskazini Kuu. Austine, yule mchoraji wa mabango, amekubali kunichorea ukuta wote wa mbele: milima ya theluji, majitu yenye pembe, na mimi mwenyewe kwa pembeni na upanga. Tena nimetoa ahadi hadharani. Nchi ya gemu ikitoka kuwa nyingine, siku hiyo kila mtu atacheza bure, na mimi nitawapitishia chai nimevaa dera la Mama. Vijana wameandika ahadi hiyo mlangoni kwa mkaa. Kwa hiyo unaona hili si jambo la utani tena, jina la ukoo liko juu ya ukuta.

Huko kwenu kuna maduka makubwa ya gemu, watu wa kila taifa wanapita. Uliza. Sikiliza sikiliza. Hata neno moja tu litanisaidia kabla Austine hajaanza kupaka.

Mama anasema na hao ndege ni heroe, anawafahamu, walikuwa wanashuka kwa mamia kule alikofanya kazi baba. Sisi tunamwitikia tu.

Kondo wa Kaskazini


Dubai,
20 Mei 2025

Kondo,

Marahaba. Nashukuru mko salama. Joto limeanza, ukitoka nje miwani inatia ukungu. Kazini hakuna jipya. Irene anakusalimu.

Barua yako ilichelewa kunifikia na mimi nikachelewa kuijibu. Siku zangu za mapumziko nimepata kishughuli kidogo upande wa Jumeirah Lake Towers, kwa hiyo nikirudi nimechoka. Hakuna cha kueleza, ni kishughuli tu.

Kuhusu gemu, safari hii sina la kusema. Ukuta usiupake haraka. Na usimcheke Mama.

Msalimie sana. Hayo mabegi mawili ni yake, la chini lina kanga.

Shifaa


Lindi,
17 Juni 2025

Dada Shifaa,

Shikamoo. Tumechinja, tumekula, tumekuombea. Mama hajambo kwa mwili.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ile sehemu yenyewe, nikidhani labda karatasi moja imebaki kwenye begi. "Sina la kusema." Wewe? Wewe uliyebishana na mimi kutwa nzima kama joka la sehemu ya tatu ni dume au jike, mpaka baba akatuzimia umeme? Kama umekua umeyaacha haya, niambie tu, nitaumia halafu nitapoa. Lakini hata kunitukana hukunitukana.

Nilikuwa nataka niishie hapo ninune kimyakimya. Ila Bi Rukiya amerudi na maneno. Anasema alifika chumbani kwako Ijumaa akuletee salamu, hukuwepo. Akamuuliza Irene umekwenda wapi, Irene akawa anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akasema hajui. Ijumaa iliyofuata vilevile. Bi Rukiya hana ubaya, lakini unajua neno likitoka kwake kwenda kwa Mama linafika limenenepa.

Sasa Mama anasema ama umeolewa kwa siri, ama unaumwa na unakwenda hospitali. Barua yako aliinusa muda mrefu kuliko kawaida. Baadaye akaniuliza kama na mimi nasikia harufu ya dawa. Nimemwambia sisikii. Asubuhi anauza vitumbua hasemi na mtu, wateja wanakaribishwa kwa kichwa tu. Yule wa benki ameniuliza kama tumefiwa.

Nakuuliza waziwazi, Dada, kama tulivyoahidiana. Kuna kitu unatuficha?

Kondo


Dubai,
12 Julai 2025

Kondo, mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Najua kunuka kwa barua ni kosa langu, niliiandika nikiwa nimejipaka dawa ya mafua. Mwambie Mama leo, kabla hujasoma zaidi: sina mume, sina ugonjwa, sijafukuzwa kazi, sijafanya jambo la kumwinamisha uso. Msomee sentensi hiyo mara mbili. Kwa ajili ya Mama sikungoja barua, nimempigia jana, na sauti yangu ameisikia. Lakini najua atataka na karatasi.

Sasa wewe. Umeniuliza waziwazi, nami nakujibu waziwazi. Ndiyo, kuna kitu nakuficha.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaiacha, nikaenda kupika, nikairudia. Kuna jambo nimeaminiwa na watu, nimetoa neno langu kuwa sitalisema kwa mtu yeyote mpaka wao watakaposema. Si jambo baya. Ni zuri, Kondo, ni zuri kiasi kwamba siku nyingine nauma mto nisicheke. Ningeweza kukunong'oneza wewe peke yako. Lakini nakujua. Unanipenda kuliko mtu yeyote, na mdomo wako hauna kufuli. Utamwambia Austine kwa sababu anachora, Austine atamwambia mkewe, na siku ya tatu litakuwa limeandikwa mlangoni kwa mkaa.

Unakumbuka baba alivyotupeleka kazini kwake siku za shule kufungwa? Kila mfanyakazi alikuwa na rundo lake la chumvi, amelifunika kwa makuti na kulifunga kwa ukindu, kila mtu na fundo lake. Watu hawakuweka mlinzi. Fundo ndilo lilikuwa mlinzi. Wewe ulikuwa mdogo, ukalikaribia rundo la jirani ukataka kulifungua uone kuna nini. Baba akakushika mkono. Ukamwambia, "Lakini ni chumvi tu, baba." Akasema, "Najua ni chumvi. Lakini fundo si langu."

Hili ni fundo la watu, Kondo. Sikuombi uache kukasirika. Nakuomba ulipite bila kulifungua, na unisaidie kwa Mama. Niliahidiana na wewe kwamba hatufichani, na nimeivunja ahadi hiyo, na inaniuma kila Ijumaa nikipanda treni. Siku ya kulifungua ikifika, wewe ndiye utakayejua kabla sijasema neno.

Nakupenda, hata na hicho unachokipaka ukutani,
Shifaa


Lindi,
5 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kumsomea Mama habari ya fundo. Akasema hilo la baba kunishika mkono yeye hakuwahi kulisikia, nimsomee tena. Nikamsomea. Tangu hapo anauza vitumbua vizuri na wateja wanakaribishwa kwa maneno. Bi Rukiya alipokuja na mpya, Mama akamwambia, "Mwanangu ana amana ya watu," akampa kitumbua cha moto kumziba mdomo.

Mimi sitauliza tena. Nataka ujue inaniwasha. Nikilala inaniwasha. Lakini fundo si langu.

Ukuta umekwisha. Nilijaribu kumchelewesha Austine kwa ajili ya lile neno lako la usiupake haraka, ila rangi alikwisha kuzichanganya na zilikuwa zinakauka. Ni mkubwa, ni mweupe, watu wanapiga nao picha. Majitu yametoka mafupi kidogo kwa sababu ya dirisha. Nina hakika na Kaskazini Kuu kama nilivyo na hakika na jina langu. Ubishi umekwisha kabisa huku, aliyebaki upande wa pili ni Mama peke yake.

Mdogo wako aliyefunga mdomo kwa mara ya kwanza,
Kondo


Lindi,
28 Septemba 2025

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo. Naandika mbio, usiniulize hati.

Kionjo cha pili kimetoka jana. Kibanda kilijaa, waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Nikakiweka kwenye kioo kikubwa, sauti juu. Mama alikuwa amekuja na sinia la vitumbua, nilimwagiza kwa ajili ya sherehe ya ushindi wangu. Akasimama mlangoni.

Kikaanza vilevile. Weupe. Mtu wa kitambaa anatembea, kwaru kwaru. Safari hii picha ikashuka, tukamwona anainama anachota ule weupe kwa mkono, anauonja kwa ulimi. Kilima kimoja kikafunuliwa makuti. Makuti, Dada, yamefungwa kwa ukindu. Heroe wakaruka. Kwa mbali ukuta wa mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi. Kijana mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Hii kwetu hii." Hakuna aliyecheka.

Na mimi bado akili ilikuwa inagoma. Ulikwisha kuniandikia habari za marundo ya chumvi, Mama alikwisha kuniambia chumvi, heroe ni heroe, na mimi niliyekulia juu ya chumvi ninachora theluji ambayo sijawahi kuigusa. Nadhani kilichonipofusha si macho. Gemu zote nilizocheza, nchi za maajabu ziko kwa wenzetu. Sikujua kwamba mtu anaweza kutoka mbali na upanga wake akaja kutafuta maajabu kwetu.

Kisha yule msafiri akagonga mlango. Mlango ukafunguka, sura ya mwenyeji haionekani, ni mkono tu na taa. Na sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiswahili, kwa kituo:

"Karibu mgeni, kaa kitako, dunia haikimbii."

Ilikuwa wewe.

Sikuweza kugeuka. Ile "dunia" unavyoivuta kidogo, ile pumzi kabla ya "haikimbii", nimeisikia tangu nikiwa sina meno. Ijumaa zako. Irene na nguo zake za kukunja. "Sina la kusema." Yote yalinipitia mara moja, na nilijisikia furaha na aibu kwa pamoja mpaka nikashindwa kujua nilie kwa lipi. Ulisema nitajua kabla hujasema neno. Umelisema neno lenyewe, na nikajua.

Vijana wote wamekula vitumbua vya Mama tangu wako chekechea, maneno yale wanayajua. Wakageuka wakamtazama. Mama ameshika sinia, anakitazama kioo kilichokwisha kuwa cheusi. Nilidhani atalia. Akaweka sinia chini, akavuta lile benchi la wachezaji, akajifunga vizuri kanga yake, akakiambia kile kioo:

"Ahsante mwanangu. Nimekaa."

Na akakaa. Mpaka tulipofunga jioni hakutaka kuinuka. Kila kijana aliyeingia alinilazimisha nirudie, na kila ikifika pale Mama anaitikia.

Chai niliwapitishia nimevaa dera lake, kwa furaha, na wamecheza bure. Picha utazipata kwa Irene, ndiye alikuwa wa kwanza kuniomba kwa simu. Austine atafuta milima na majitu. Weupe wote wa chini atauacha ulivyo, ataongeza heroe na marundo tu, na mwanamume mmoja ameinama anafunga fundo. Mama ndiye atakayemwelekeza, amesema theluji yetu ilikuwa chumvi nzuri tangu mwanzo.

Ameniagiza nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie nimekaa kitako kama alivyosema. Lakini mgeni ninayemsubiri mimi ni yeye."

Kondo, mwana wa chumvi


Dubai,
19 Oktoba 2025

Kondo wangu,

Marahaba, mara elfu. Barua yako nimeisoma kaunta, na wageni wawili waliokuja kuchukua funguo wamesubiri wakiniangalia ninavyolia. Mmoja akanipa kitambaa akasema, "Habari mbaya, madam?" Nikamwambia hapana, ni mama yangu amekaa kwenye benchi. Akaondoka hakuelewa.

Sasa fundo limefunguliwa na wenyewe, nikueleze. Irene anafanya kazi ya usafi kwenye mnara mmoja huko Jumeirah Lake Towers, na kuna ofisi ya kurekodi sauti humo. Mwezi wa nne wakatafuta watu wanaozungumza Kiswahili cha pwani. Nilikataa, akanisukuma. Unamjua anavyosema: "Acha uoga bana, ni kuongea tu, na wewe kwa simu unaongeanga mpaka bando inakufa." Tulikwenda wengi. Nilikuwa sijui ni ya nini. Nilipokwisha kutia sahihi ya kutosema ndipo wakaniwekea picha mbele, na kitu cha kwanza nilichokiona ni rundo la chumvi lenye fundo. Kondo, nilikumbuka Mama alivyochungulia na ndoo yake, na sisi wawili tulivyomcheka. Nilitaka kukimbilia simu. Barua ile fupi ya Mei ni ya tano kuiandika, nne za mwanzo nilizichana kwa sababu kila moja ilikuwa na neno chumvi.

Na yale maneno hayakuwa yao. Nilipewa karatasi, mwenye nyumba anatakiwa kumwambia msafiri, "Karibu ndani, ewe msafiri uliyetoka mbali." Nikaisema, ikatoka kama tangazo la redio. Thamer, Mwarabu anayeongoza mitambo, akawa anasema "yalla, tena," na tena, na tena. Mwisho akaniambia niache karatasi, nifumbe macho, nifikirie tu kuna mtu mlangoni amechoka. Nikafumba. Nikamwona yule jamaa wa benki. Basi maneno ya Mama yakatoka yenyewe, mpaka nilipofumbua macho ndipo nikagundua nimekosea. Nikaanza kuomba radhi. Thamer akavua vile vya masikioni akauliza maana yake nini. Nikamweleza. Akasema, "Khalas, basi. Hiyo hiyo."

Kwa hiyo popote atakapokwenda mtu katika nchi hiyo, mlango wa kwanza atakaougonga atamkuta Mama. Watu wa dunia nzima watakaribishwa na yeye, na hawatajua kuwa ni mwanamke wa Lindi mwenye goti bovu.

Gemu yenyewe bado haijatoka na usiniulize chochote zaidi, maana mafundo mengine bado yapo na hayo pia si yangu. Bishaneni. Ninakuruhusu kusema lolote isipokuwa theluji.

Meneja wangu alikiona kionjo kwa mwanawe. Akaniita ofisini akaniuliza kama ni mimi kweli. Nikamwambia ni mimi, na nikamwambia alichojibu Mama. Ile inshallah yake ya mwezi wa tatu akaitimiza palepale. Natua Desemba, na gemu ikitoka kabla sijafika, usithubutu kuigusa. Pedi ya kwanza ni yangu kama zamani.

Barua hii mpe Mama ainuse kwanza, safari hii sikujipaka dawa. Halafu mwambie asiinuke hapo alipokaa. Mgeni wake yuko njiani.

Shifaa